Tonge la Tereza

"Mlete Jumapili," Mama aliniambia. "Nataka nimwone akila. Kuamkia vizuri si kitu, kila mtu anajua kuamkia. Mwenye roho mbaya utamjua kwenye sahani."

Nilifurahi kama mjinga. Miezi mitatu nilikuwa nambembeleza Mama juu ya Bernadeta, na miezi mitatu jibu lilikuwa lile lile: hapana, hapana, na tena hapana. Si kwamba alimchukia. Kila Jumatatu na Alhamisi Bernadeta alipofika kwetu Kiseke na baiskeli yake, Mama alimpa kigoda, akampa maji ya kunywa, akamwita mwalimu. Lakini kwa Mama, mwalimu ni mwalimu na mkwe ni mkwe.

"Kazi yake inanitisha," alikuwa akisema. "Kutwa nzima anashika watoto wenye viungo vizito. Na mwenyewe hajazaa bado! Tumbo lina macho, Mihayo. Linaona."

"Mama, huo ni uongo wa zamani."

"Uongo wa zamani ndio uliokulea ukawa na midevu hiyo."

Ningekuwa najibizana na mtu mwingine ningepandisha sauti, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Kwa Mama nilinyamaza, kwa sababu nilijua hofu ile ilikotoka. Dada yangu Teodora aliumwa uchungu siku mbili, akamzaa Tereza, akafariki siku hiyo hiyo. Tereza hakulia alipozaliwa. Alichelewa kukaa, alichelewa kila kitu, mikono yake ikakaza kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kunyang'anywa. Miaka sita Mama alimbeba mgongoni. Miaka sita alimlisha kwa mkono wake, tonge moja moja, kabla mtu yeyote nyumbani hajala, na yeye Mama akala mwisho, chakula kikiwa kimepoa.

Sasa nikueleze Bernadeta alivyoingia humo, na alivyoingia moyoni mwangu.

Kule Mkuyuni kulikuwa na kituo cha watoto, na mtaalamu wake aliitwa Bi. Safia, mama wa mjini aliyesomea tiba ya kumrudishia mtu shughuli zake: kula, kuvaa, kuoga, kucheza. Bernadeta alikuwa msaidizi wake. Bi. Safia alimpima mtoto na kuandika mpango, na Bernadeta ndiye aliyeupeleka mpango ule nyumba kwa nyumba, wiki baada ya wiki, akarudi na habari kwenye daftari: hili limekubali, hili limekataa, bibi wa nyumba ile amechoka, mama wa nyumba hii ameanza kucheka.

Mimi nilikuwa mpakiaji kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha minofu ya samaki. Msimamizi wetu aliniruhusu kuchukua maboksi yaliyochanika, na Bernadeta na akina mama wa kituo waliyabandika kwa uji wa unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, wakayakausha juani, yakawa viti vya watoto. Kiti cha Tereza kilikuwa na kimeza chake mbele. Mama alipokiona mara ya kwanza alipiga makofi. "Kiti cha karatasi! Na akijikojolea?" Kilipakwa rangi ya mafuta, kikastahimili. Shida ilikuwa paka. Harufu ya samaki ilibaki humo mwezi mzima, na paka wa Kiseke wote walikuwa wakikilalia.

Siku moja nilikuwa pale kituoni nimeshusha maboksi, nikamsikia akibishana na Bi. Safia, kwa adabu, lakini akibishana.

"Umeandika kijiko, Bi. Safia. Nyumba ile ugali hauliwi kwa kijiko. Wanakula sahani moja, kwa mkono. Nikimfundisha kijiko atajua kula, sawa, lakini atakula peke yake maisha yake yote."

Bi. Safia akachukua kalamu, akakata neno kijiko. Akaandika: ale na wenzake.

Mimi nilisimama na boksi langu kichwani kama sanamu. Sikuwahi kufikiria hivyo, mimi mjomba wa mtoto, ninayelala nyumba moja naye! Tereza hakuwahi kukaa kwenye mkeka wetu wakati wa kula. Hata siku moja. Na sikuwahi kuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Jioni hiyo nilimsindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza vidole vya mtoto vinafunguliwaje bila kumuumiza. Badala ya kunieleza aliegesha baiskeli, akaushika mkono wangu wa kulia.

"Kunja ngumi," alisema. "Usivute vidole. Ukivivuta vinagoma. Anzia hapa, kwenye shina la dole gumba, taratibu, kama unayebisha hodi. Kisha ngoja."

Mikono yangu imekufa ganzi kwa baridi ya kiwandani. Miaka minne nilikuwa siwezi kutofautisha kwa kugusa karatasi na kitambaa. Lakini kidole cha Bernadeta nilikisikia hadi kwenye kisogo. Ngumi yangu ikafunguka yenyewe.

"Umeona?" alisema, bila kunitazama usoni.

"Nimeona," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, aibu tupu. Tangu siku hiyo sikupona.

*

Jumapili akaja. Amevaa gauni la buluu la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na zawadi ya sukari na majani ya chai kwenye kikapu. Alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu," Mama alijibu.

"Marahaba," alijibu shangazi Paskazia, dada yake baba, aliyekuja kutoka Buzuruga kwa ajili ya shughuli hiyo tu. Shangazi akimtazama mtu, anamtazama kama anayekagua mbuzi mnadani. "Mbona mwembamba? Huko kwenu Ukerewe hamli?"

"Tunakula, shangazi. Ni baiskeli."

Nilicheka. Mama hakucheka.

Kwetu wanaume hula upande wao, lakini siku hiyo Mama aliamuru tukae mkeka mmoja uani, amwone vizuri mgeni wake. Alikuwa amepika sato wawili wakubwa, mchuzi wa nyanya na vitunguu, na ugali mweupe uliosimama kama kilima. Harufu ilinitoa mate. Tukanawa mikono. Kisha Mama, kama kawaida yake, akamega pembeni ugali wa Tereza, akachambua mnofu wa samaki na kutoa miiba yote, akainuka kwenda kumlisha kwanza. Tereza alikuwa kwenye kiti chake hatua tatu kutoka kwetu, anatuangalia.

"Mama," Bernadeta alisema polepole, "naomba leo Tereza ale hapa na sisi."

"Atakula. Namlisha mara moja, kisha tutakula."

"Ale mwenyewe, mama. Yuko tayari."

Mwenzangu, ungekuwepo! Shangazi Paskazia alishika mdomo. Mgeni, tena mchumba aliyeletwa kuangaliwa, anamzuia mwenye nyumba kumpa mtoto chakula! Hata mimi damu ilinipanda masikioni. Miezi mitatu nimebembeleza, na huyu anaibomoa nyumba kabla hajakubaliwa kuingia.

Mama alisimama na sahani mkononi. "Yuko tayari kwa nini?"

"Miezi minne tumefinya udongo, tumekamua kitambaa, tumemega ugali uliopoa. Alhamisi alipeleka tonge mdomoni mara mbili. Ulikuwa umeenda kisimani, mama. Nilitaka umwone mwenyewe."

"Na leo akishindwa?"

"Tutangoja."

"Mtoto ana njaa, wewe unangoja?"

"Ndiyo, mama."

"Mayo!" shangazi alipiga yowe dogo. "Roho ya jiwe hii! Mihayo, huyu ndiye uliyemwona kati ya wanawake wote wa Mwanza?"

Mama hakupiga yowe. Mama akikasirika kweli hushusha sauti. Alikwenda akaweka sahani ya Tereza kwenye kimeza, tukausogeza mkeka hadi miguuni pa kiti kile, akaketi, akakunja kanga yake magotini.

"Sawa," alisema. "Na mimi sitagusa chakula mpaka yeye ale. Mimi nisipogusa, hakuna mtu atakayegusa, ndivyo tulivyolelewa. Na nikuambie kabisa, binti. Jua likipita ule mwamba wa nyuma ya nyumba na mtoto huyu bado ana njaa, nitamlisha mimi, wewe utanawa mikono na kwenda zako. Na hutarudi. Si kama mkwe, wala kama mwalimu."

Nilimwangalia Bernadeta. Nilifikiri ataomba msamaha, na nilimwomba Mungu aombe. Alimeza mate. Nikaona mshipa wa shingoni mwake unavyopiga.

"Nimesikia, mama," alisema. Akahama, akaketi karibu na kiwiko cha kulia cha Tereza, akaweka mikono yake mapajani. Akainama kidogo. "Tereza. Chakula chako hicho."

Basi.



Tereza aliutazama ugali. Mkono wake wa kulia ulitetemeka, ukainuka, ukaenda kushoto usikotakiwa, ukaangusha kikombe. Maji yalimwagika. Shangazi alinyoosha mkono kufuta, Bernadeta akatikisa kichwa. Mkono ukarudi. Ngumi ilikuwa imefungwa kabisa. Ukitaka kujua dakika ni ndefu kiasi gani, kaa na sahani ya sato mbele yako, mama yako amenuna, na mtoto unayempenda anapigana na vidole vyake mwenyewe. Inzi walikuja. Mchuzi ukaanza kuganda pembeni. Jua lile nalo halikuwa na huruma, lilikuwa linateremka tu.

Dole gumba likafunguka. Kidole kimoja kikafuata. Akagusa ugali, akamega kipande, kikaanguka chini.

"Masikini mwanangu," shangazi alinong'ona.

Akamega tena. Tonge likainuka hadi kifuani, mkono ukakaza ghafla, likarukia kwenye gauni la buluu la Bernadeta. Bernadeta hakulifuta. Jasho lilikuwa linamtiririka Tereza puani, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama anayetaka kulia.

Hapo nikashindwa.

"Bernadeta, imetosha!" nilifoka, nikapiga goti. "Unamtesa!"

"Mihayo, kaa."

"Sikai! Ni mtoto wa dada yangu huyu!"

"Mwangalie," alisema. "Usiniangalie mimi. Mwangalie yeye. Je, amekuomba?"

Nikamwangalia Tereza. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika! Amenikodolea macho mimi, mjomba wake, kwa sababu nilikuwa nampigia kelele akiwa kazini. Wallahi niliona sura ya Teodora mle, ile sura yake ya utotoni nikimvurugia mchezo wake wa bao. Nikaketi chini taratibu.

Jua lilikuwa limefika kwenye bega la mwamba. Nikajisogeza hadi sikioni kwa Bernadeta.

"Nakuomba," nilinong'ona. "Msukume kiwiko kidogo tu. Uko karibu naye. Kwa nyuma hivi, Mama hataona. Tonge litafika, mambo yataisha, tutaoana."

Aligeuka akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi hadi ukingoni, na ndipo nilipojua kwamba alikuwa anataka. Alikuwa anataka kukisukuma kiwiko kile kuliko mimi. Alinipenda, alikitaka kile nilichokitaka mimi, na kilikuwa umbali wa kidole kimoja kutoka mkononi mwake.

"Mama hataona," alisema polepole sana. "Tereza ataona."

Akarudisha uso kwa mtoto. Mikono yake ilibaki mapajani, lakini vidole vilikuwa vimekamata gauni, vimelikunja, viungo vimekuwa vyeupe.

Sijui nikuambieje nilichokisikia. Nimeona wavuvi wakivuta sangara mkubwa kuliko mtu. Nimeona wanaume wakibeba magunia ambayo punda angekataa. Sikuwahi kuona nguvu kama ile ya mwanamke aliyekaa kimya bila kufanya kitu. Nilimwogopa, kweli kabisa. Nilimpenda na kumwogopa pamoja, kama mtu anavyoingia kanisani akiwa hajajiandaa.

Tereza akavuta pumzi. Akaweka ngumi mezani, akaibana dhidi ya ukingo wa kimeza, vidole vikafunguka. Akamega. Akafinya mara moja, mara mbili, tonge bovu bovu lenye pembe. Akalipeleka kwenye mchuzi, nusu likazama, akalitoa likidondoka. Mkono ukaanza kupanda. Ulipanda unayumba, ukasimama kifuani, sote tukaacha kupumua. Ukapita kifuani. Ukafika usawa wa kidevu.

Halafu haukwenda mdomoni.

"Anapotea," shangazi alisema.

Mkono uligeuka. Ulienda mbele, ukitetemeka, ukimwaga mchuzi kwenye kimeza, kwenye mkeka, kwenye kanga ya Mama, ukaendelea kwenda mpaka ukasimama mbele ya uso wa Mama. Tonge lilikuwa limebaki dogo kama punje ya hindi.

"Bi," Tereza alisema. "Bi."

Mama hakuelewa. Alimtazama mtoto, akalitazama tonge, akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama anayeuliza njia.

"Anakulisha, Mama," nikasema.

Mama akafungua kinywa. Vidole vile vilivyokaza vikagonga jino, vikagonga mdomo, vikaacha tonge ndani, na mchuzi ukampaka Mama hadi shavuni. Akafunga kinywa. Akatafuna. Alitafuna muda mrefu sana kitonge kile kidogo, macho yamefumbwa, na machozi yakamtoka bila sauti yakachanganyika na mchuzi.

Hata inzi niliwasahau. Shangazi Paskazia, mwenye maneno ya kuuza sokoni, alifanya ishara ya msalaba, akabaki na mkono begani.

"Tangu mama yangu afe," Mama alisema baadaye, "hakuna mtu aliyenitia chakula kinywani." Akamgeukia Bernadeta. "Hili nalo ulimfundisha?"

Bernadeta alikuwa analia waziwazi, mabega yanatikisika.

"Hapana, mama. Haliko kwenye mpango. Haliko popote. Mimi nilimfundisha kumega tu."

"Kwa hiyo hata wewe hukujua."

"Sikujua, mama. Nilimngoja tu."

"Haya basi!" shangazi alilipuka, amerudiwa na sauti. "Mtoto ameweza, binti ameshinda, tule jamani, sato wamekuwa barafu!"

"Hajashinda mtu," Mama alisema. "Tereza hajala bado."

Akajifuta shavu kwa ncha ya kanga. Kisha akamwuliza Bernadeta lile swali alilokuwa ananiuliza mimi kwa miezi mitatu, ila safari hii hakuwa anagomba. Aliuliza kama mama anayetaka kujua.

"Teodora wangu alikuwa mzima, mnene, anacheka. Angalia kilichotokea. Na ninyi mkioana, ukazaa, ukapata kama huyu?"

Nikataka kujibu mimi. Bernadeta akawahi.

"Nitakuwa naogopa, mama, sitakudanganya. Nimeingia nyumba nyingi, najua uzito wake. Lakini nitamjua. Sitamshangaa."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu. Jua lilikuwa limeshapita nyuma ya mwamba, kivuli kimefika kwenye mkeka, na hakuna aliyelitaja.

Tereza alikuwa ameanza tena. Ngumi kwenye ukingo wa kimeza, dole gumba, kidole, kidole. Akamega. Kipande kikamponyoka kikabingirika hadi mwisho wa kimeza. Akakifuata, mkono unakwenda huku na kule, akakikosa kwa unywele.

Nikaona mkono wa Mama ukiinuka wenyewe. Miaka sita ya mazoea! Ulikuwa umeshafika hewani, vidole vimeshajikunja kushika lile tonge, na uso wa Mama ukaonyesha kwamba yeye mwenyewe hakuutuma.

Akausimamisha. Ukawa unatetemeka kuliko wa Tereza. Akaugeuza polepole, akampelekea Bernadeta.

"Nishike mkono huu, mkwe wangu," alisema. "Haunisikii."

Bernadeta akaushika kwa mikono yake miwili, akauweka mapajani mwake juu ya doa la ugali. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, wanamtazama mtoto. Nami nikakaa nao, chakula kimepoa, nikangoja.